Hatua Sitini Kutoka Getini

Soja wa geti la mtaa mpya wa Kinoru alikuwa na kazi moja zaidi ya kulinda: kuzuia magari yasitoke bure. Wenye mtaa walijenga maduka chini na nyumba juu ili watu watembee, naye akayapokea maneno hayo kama amri ya Mungu. Kila gari alilisimamisha kwa kiganja kilichopasuka kwa baridi, akainama dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama padri kitubioni, "Na leo ni nini?" Karwirwa, mkazi wa mtaa huo, akisema maziwa, rungu lilinyooka kuelekea dukani. "Hatua sitini tu, madam. Kwani miguu umemwazima nani?" Karwirwa alipiga honi mpaka kizuizi kikainuka. Mama mzazi wa Karwirwa, aliyeketi na rozari kwenye kigoda cha soja, alitazama pembeni.

Wiki moja baada ya kumzika mama, Karwirwa alifika getini na gari, akangoja swali lake. Soja aliinua kizuizi kimya.

"Leo huniulizi?"

Akavua kofia, akaikunja mara mbili. "Aliyekuwa akinituma hayuko, madam. Shosho, mama yako, alisema, 'Mimi nikimwambia, atasema ana haraka. Wewe msimamishe. Akishuka tu, nitaenda naye dukani.'"

Karwirwa alizima gari palepale, akashuka. Alianza kumwombea mama yake, na kabla hajamaliza Salamu Maria ya tatu, alikuwa amefika dukani.