Nikodemo na Mkwewe, Mgongo kwa Mgongo

Siku hizi mkwe anakaa kochi moja na mama wa mkewe, anamtania, anakula naye sahani moja. Nikiwaona natoka nje. Mimi nilimjua Nikodemo, na aliyemjua Nikodemo hawezi kuuvumilia upuuzi huo.

Kwetu Unyiha, zamani za Waingereza, mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni, hakumgusa, wala hakusema naye. Akimwona njiani aliingia porini. Mama naye alijifunika kaniki na kutazama kwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na haikumchosha mtu, mpaka Ukristo ulipowakamata wote wawili kwa pamoja.

Mama mkwe wa Nikodemo, ambaye baadaye alipewa jina la Ketrina, alikuwa mjane mwenye ulimi kama upupu. Waliingia darasa moja la ubatizo kwa mwinjilisti Jairo, nami nikiwamo. Ketrina alikuwa hachelewi, na alikaa mbele kabisa. Basi Nikodemo akasomea nje, amechuchumaa chini ya dirisha, jua lake, mvua yake. Jairo akiuliza swali, jibu lilitoka dirishani, na mara nyingi ndilo lililokuwa sahihi.

"Maisha ya Mkristo ni safari," alitufundisha Jairo, "na hakuna aendaye peke yake. Mchukuliane mizigo."

"Amina," likajibu dirisha.

Mchungaji Mzungu alipokuja kutupima alimpenda Nikodemo, lakini alimwambia wazi: "Habatizwi mtu dirishani. Utaingia mlangoni na kukaa na wenzako, au ungoje mwaka mwingine."

Baba yake Nikodemo alikufa bila maji ya ubatizo, akingoja mwaka mwingine. Nikodemo aliliogopa neno hilo kuliko chui.

Ubatizo ulikuwa Mbozi Misheni, mwendo wa asubuhi nzima. Sisi wengine tulitangulia jana yake. Nikodemo alibaki nyuma, kama desturi yake, ili asikutane na mkwewe njiani. Kumbe Ketrina naye alikuwa amebaki nyumbani kwake, mguu umeteguka shambani kwenye ulezi, umevimba kama kibuyu. Wanawe walikuwa Lupa wakichimbia watu wengine dhahabu. Kijijini hapakuwa na mwanamume mwenye nguvu ila yule mmoja asiyeruhusiwa kumgusa.

Aida, mkewe Nikodemo, ndiye aliyelitatua jambo hilo. Alikwenda kwa Jairo akachukua kiti chake, cha pekee kijijini chenye egemeo. Akamfunga mama yake kitini kwa kamba za magome, kisha akakifunga kiti mgongoni kwa mumewe, egemeo kwa mgongo. Mama akatazama walikotoka, mkwe akatazama wanakokwenda. Hakuna aliyemwona mwenzake, na kati yao ulikuwepo ubao wa mninga. Aida, aliyekuwa na kichanga, akabaki.

Ya njiani nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja peke yake, na hawakupishana.

Hawakusemezana. Walisema na kiti.

"Kiti," alisema Ketrina, "mwambie anayekubeba apunguze mwendo. Mimi si gunia la mahindi."

"Kiti, mwambie mama gunia la mahindi halisemi."

Mnyamwanga mmoja mwuza tumbaku akawasimamisha. "Bwana, kiti hicho unakiuza?"

"Kina mtu."

"Namwona. Mbona mmegombana?"

"Hatujagombana," alisema Nikodemo. "Tunaheshimiana."

Kwenye kijito Nikodemo alikanyaga jiwe lenye utelezi. Kamba zikamchomoka mabegani, kiti kikaketi katikati ya maji, na Ketrina juu yake, amelowa mpaka kifuani. Nikodemo akafumba macho na kuanza kupapasa hewani.

"Kiti, mwambie aje kushoto. Kushoto! Hiyo ni nyasi. Mwambie nyasi haihitaji kubatizwa."

Alikipata kiti kwa kufuata matusi.

Sisi kanisani tulikuwa tumekwisha kumwagiwa maji. Mchungaji alikuwa akifunika bakuli mlango ulipofunguka, akaingia mtu aliyelowa, amebeba kiti. Alikwenda hadi mbele na kupiga magoti, na kiti kikatua sakafuni. Ketrina alikuwa akitutazama sisi sote, ameinua kidevu kama mke wa chifu.

Mchungaji alichukua muda kuelewa. Kisha akasema, "Mbele ya Mungu hakuna mkwe. Ninyi sasa ni ndugu. Geukeni mtazamane, ndipo niwabatize."

Nikodemo hakugeuka. Nilimwona akilia bila sauti, mikono ameikaza kwenye kamba. Mwaka mwingine ulikuwa umefika.

Ndipo Ketrina aliposema, kwa sauti ya kusikika hadi uani:

"Kiti, mwulize mchungaji. Yule mgonjwa aliyebebwa na watu wanne, akashushwa kwa Yesu kupitia darini, aliambiwa kwanza awatazame waliombeba?"

Jairo akainamisha kichwa, nikadhani anaomba, kumbe anacheka.

"Hakuambiwa," alisema mchungaji.

"Kiti, mwambie basi. Jairo alisema tuchukuliane mizigo. Tumechukuliana. Habari ya kutazamana hakuisema."

Mchungaji alifunua bakuli. Alimmwagia maji Ketrina, akakizunguka kiti, akammwagia Nikodemo. Hakusema tena habari ya kugeuka. Wachungaji wa siku hizi wangewapa kipaza sauti na kuwalazimisha wakumbatiane.

Baada ya ibada nilimwendea Nikodemo nikamwambia nitamsaidia kumbeba mama kurudi. Alikuwa akikaza kamba upya. Kabla hajanijibu, sauti ikatoka nyuma yake, ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yule.

"Kiti, mwambie mwanangu twende nyumbani."

Nikodemo alisimama na mzigo wake.

"Kiti," akasema, "mwambie mama nimesikia."