Pichi Linaloachia Kokwa

Muuzaji wa soko la Mwanjelwa amenikatia kipande cha pichi nionje, na harufu yake imenirudisha uani kwetu, Mafinga. Mama alikuwa amekaa juani, amejifunika blanketi, akipasua mapichi ya aina mbili. Mikono yake ilikuwa imekonda kwa ugonjwa.

“Yote yanastahimili baridi ya hapa,” alisema. “Hili linang'ang'ania kokwa, hili linaachia. Tutapanda mche mmoja tu. Chagua wewe, mwanangu.”

Nilichagua linaloachia, kwa sababu ni rahisi kula.

“Sawa. Ila huo unachelewa, mpaka mwaka wa nne ndipo uzae. Mtakula wewe na baba yako.”

Nikadhani yeye hapendi mapichi.