Kichwa cha Binti wa Mama Kaza

Mtaa mzima ulimwita Mama Kaza, naye hakulikataa jina hilo, maana ndilo lililomlisha. Ukisukwa naye, mwezi utaandama na kuandama tena, mistari bado imesimama. Wateja walitoka kwenye kiti chake nyusi zimevutwa juu, hata kucheka hawawezi, wakalipa na kushukuru. Anayelalamika aliambiwa mvumilivu hula mbivu.

Tangazo lake kubwa halikuwa ubao wa mlangoni. Lilikuwa kichwa cha binti yake wa darasa la sita. Kila Jumapili jioni alimkalisha katikati ya magoti, akamkaza mtindo mpya, na Jumatatu mtoto akapita mitaani kama dirisha la duka.

Ila kichwa hicho kilikuwa kinauma. Kilianza mwanzo wa wiki, kikapoa kuelekea mwisho wake, kisha kikarudi. Mama Kaza hakukaa kitako. Alimpeleka zahanati wakapima malaria, hakuna kitu. Wakapima macho, mtoto akavishwa miwani, kichwa kikaendelea kuuma chini ya miwani. Shangazi mtu akasema ni jicho la watu, mtoto amependeza kupita kiasi, na maelezo hayo yalimwingia Mama Kaza kuliko ya wataalamu wote. Tabibu mmoja aliuliza mtoto anasukwa na nani. Mama Kaza akajibu kwa fahari kwamba ni yeye mwenyewe, tena akamwambia amlete na mkewe.

Ndipo binti akarudi na habari kutoka shule. Wanafunzi watakaokubali kunyolewa vipara watachangiwa na ndugu na majirani, na fedha ziende kwa watoto wenye saratani, wale ambao dawa zimewanyonyoa nywele. Yeye ameshajiandikisha. Mama Kaza akamkumbusha kwamba hata kuuza karanga na kutoa faida ni sadaka. Baba mtu, fundi wa friji asiyependa ubishi, alisema jambo la heri halizuiwi, akabeba mkoba wake akaenda kutengeneza friji ambayo hakuna aliyesema imeharibika.

"Mwanangu, kichwa hicho ndicho jiko letu," Mama Kaza alisema.

"Mama, wenzangu wale wagonjwa hakuna aliyewauliza kabla nywele hazijawatoka."

Binti akazunguka mtaani, na watu wakatoa. Aliyetoa zaidi ya wote ni msusi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alieleza hadharani jinsi anavyowahurumia wagonjwa.

Siku ilipofika, Mama Kaza alikataa mashine ya mtu mwingine iguse kichwa kile. Alisimama mwenyewe uwanjani pa shule, akamfunga mtoto shuka shingoni, akafumua, akaanza kunyoa. Watu walipiga makofi. Mashine ilipofika kwenye panja, ikasita. Kuanzia panjani hadi nyuma ya masikio palikuwa na upara wa siku nyingi, laini kama mgongo wa kijiko, umezungukwa na vipele vilivyokauka. Wengine hawakuona kitu, mtoto ananyolewa, basi. Yeye aliona kazi ya mikono yake.

"Endelea, mama," binti akasema polepole. "Nasikia raha."

Wiki ile kichwa hakikuuma. Wala iliyofuata. Miwani ikawekwa kabatini. Shangazi alitangaza kwamba lile jicho limepotea njia. Mama Kaza hakumbishia. Siku moja tu, akimpaka binti mafuta, alimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Uliniambia nivumilie."

Tangu hapo mikono yake ikalegea. Alisuka vizuri, lakini taratibu, na katikati ya kazi akauliza, "Inauma?" Swali hilo halikuwahi kusikika kwenye kiti kile, na lilitisha watu. Misuko ikaanza kufumuka kabla ya wakati. Ikavuma kwamba Mama Kaza anaumwa, nguvu za vidole zimekwisha. Majirani wakaja kumpa pole, na mmoja akashauri mtaa umchangie matibabu.

Michango aliikataa. Pole alizipokea zote. Angeweza kueleza, lakini kila alipofungua mdomo aliona ni nafuu kuumwa mikono. Mume wake, akiulizwa hali ya mgonjwa, alijibu kwamba anaendelea vizuri.