Kamera ya Tatu Mezani pa Shabani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu. Najua wanaosimulia mambo ya aina hii hupenda kuanzia usiku, umeme umekatika na fisi analia kwa mbali. Yangu yalinikuta Mkiwa njia panda, saa saba mchana, malori yanapita na jua limesimama utosini. Ningekuwa natunga, si ningetunga usiku kama wengine?

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa mawazo mengi. Hata nikitumwa sabuni, nasoma maandishi ya pakiti zote mpaka mwenye duka anahudumia watu watatu waliokuja nyuma yangu. Nilimaliza chuo, nikakaa nyumbani miaka miwili nikiandika barua za maombi na kuzifuta. Kisha nikapata nafasi. Mama mmoja wa Singida mjini, tunamwita Mama Salome, alikuwa amechukua kazi ya kupiga picha za vitambulisho vya wakulima wa alizeti, kijiji kwa kijiji. Alitaka wapiga picha watatu, na kila mmoja aje na kamera yake ya dijitali. Simu hakuzitaka. Msimu uliopita kijana wake alipiga kijiji kizima kwa simu, simu ikaibwa stendi, na kijiji kizima kikaondoka nayo.

Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Asiyekuwa na kamera, nafasi yake anapewa mwingine.

Mama yangu aliuza alizeti aliyokuwa ameiweka ndani akisubiri bei ipande. Akanikabidhi fedha, akasema, "Usiniletee maelezo, mwanangu. Niletee kamera."

Fedha ile ilitosha kamera moja iliyotumika. Ya kukosea haikuwepo. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilijaza daftari: lenzi, vumbi, kadi, betri, na kule vijijini nitachaji wapi. Kila nilipopata jibu nililitafutia swali.

Jumamosi nikapanda gari hadi Mkiwa, kwa bwana mmoja anaitwa Shabani, anayeuza vyombo vya umeme vya mtumba kwenye meza ya mbao chini ya kibaraza. Alikuwa na kamera tatu. Moja nyeusi, kubwa, yenye lenzi ndefu ya kumtisha mtu. Ya pili nyekundu, nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Ya tatu ya kijivu, imechubuka, mfuniko wa betri umeshikiliwa na mpira. Hiyo ndiyo ilikuwa ya bei ya chini, na Shabani mwenyewe hakuisifu.

Niliuliza maswali yangu yote. Nadhani nilimaliza nusu saa kwenye betri peke yake. Shabani akafuta jasho, akaniuliza, "Msomi, unanunua kamera au unaoa?"

Nikaomba kuzijaribu. Hapo ndipo nilipomwona bibi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya meza, mgongo ukutani. Alivaa kitenge cha bluu kilichopigwa pasi, mikono magotini, kama wazee wetu wanavyokaa wakiwa tayari kupigwa picha. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika chini, kwa hiyo alikuwa na hereni moja tu, ya kulia. Nikainama nikamwambia shikamoo.

Hakuitikia.

Wewe uliyelelewa kwetu unajua uzito wake. Mzee akinyamazia shikamoo yako, kuna jambo. Mimi nilianza kujikagua papo hapo: nimesimama vibaya? Nimemsalimu mwenye duka kabla yake? Nikarudia, akanyamaza tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nipige na mimi."

Nikafurahi, maana nilihitaji sura ya mtu ya kujaribia. Nikampiga kwa ile nyeusi. Nikatazama kioo cha nyuma: ukuta upo, kigoda kipo, bibi hayupo. Shabani akachungulia begani kwangu, akasema imetoa safi, hata misumari ya kigoda inahesabika.

Nikachukua nyekundu. Bibi hakutikisika hata kope. Nikabonyeza. Kigoda na ukuta.

"Leo kigoda changu kimekuwa bibi harusi," Shabani akacheka.

Niliona aibu kwa niaba ya yule mzee. Nilidhani anamdhihaki. Na kichwani nilishapata maelezo, kwa sababu kichwa changu hakikosi maelezo: nilikuwa nimesoma kwamba kuna kamera nzito, ukibonyeza leo zinapiga kesho. Nikajiambia bibi anasogea kidogo na mimi sioni, na kamera hizi zinachelewa. Nikaandika kwenye daftari, niamini, nikaandika kabisa: "Nyeusi na nyekundu, zinachelewa. Hazifai."

Nikachukua ya kijivu. Ilikuwa na betri ndogo mbili, hizi za saa ya ukutani. Nikabonyeza.

Bibi akatoka. Alitoka mzima mzima, na kitenge chake, na hereni yake moja, na macho yanayonitazama moja kwa moja. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, mpaka leo.

"Hiyo inaniona," bibi akasema. "Usinifute."

Nikaizima haraka kabla Shabani hajachungulia, asije akagundua ubora wake na kupandisha bei. Nikalipa bila hata kuomba apunguze, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye ukoo wetu. Nilipogeuka kumshukuru bibi, kigoda kilikuwa kitupu. Kulikuwa na basi limesimama, nikadhani amepanda.

Jumatatu tukaanza kazi, na kituo cha pili kilikuwa Sepuka. Wenzangu wawili walikuwa na kamera za maana. Waliiona yangu na mpira wake, mmoja akaniuliza kama ndani kuna redio. Siku ya kwanza Sepuka, umeme ulikatika usiku na haukurudi. Kesho yake, kufika saa nne, kamera za wenzangu zilikuwa zimezimika zote mbili, foleni ya wakulima imezunguka ghala. Mimi nikaingia dukani, nikanunua betri za saa ya ukutani, nikaendelea. Nilipiga foleni yangu, nikapiga foleni zao. Vumbi la malori ya alizeti lilinijaa masikioni, kamera haikukohoa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jibu na sikulitafutia swali.

Karibu na mwisho alikuja mama mmoja wa makamo, akajitaja Elizabeti. Huku kwetu mtu hapigwi picha akaondoka, lazima ajione. Nikamwonyesha. Akaomba kukitafuta mwenyewe kile kitufe cha kurudisha nyuma awaone na majirani zake. Akabonyeza, akabonyeza, anacheka watu, mpaka akafika picha ya kwanza kabisa.

Kicheko kikakatika. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Huyu umempata wapi?"

Nikamwambia Mkiwa, Jumamosi, mezani pa Shabani.

"Jumamosi ipi?"

"Hii iliyopita."

Akagusa sikio lake la kushoto. Akasema pole pole kwamba yule ni mama yake, kwamba sikio lile lilichanwa na mwiba akiwa msichana mchungaji, na kwamba walimzika mwaka jana baada ya mavuno. Hakuwahi kupigwa picha. Kila Krismasi aliwaomba, nao kila Krismasi walimwambia mwakani. Siku moja alikwenda Mkiwa kumjulia hali mdogo wake, akavaa kitenge cha sherehe, akaenda kwa mpiga picha mwenye chumba pale barabarani. Mpiga picha alikuwa amechelewa. Bibi akaketi kwenye kigoda nje, akamsubiri. Presha ikamkuta hapo hapo.

Jumapili iliyokuwa inakuja walikuwa na ibada ya kumbukumbu. Msalaba wa saruji ulikuwa tayari, na katikati yake fundi alikuwa ameacha nafasi ya picha. Wangesimamisha msalaba wenye shimo.

Unafikiri nilikimbia? Miguu ilitaka. Lakini aliniambia nisimfute, na mimi sikuwa nimemfuta. Ijumaa nilirudi mjini, nikasafisha picha mbili, ndogo ya msalabani na kubwa ya ukutani. Kisha nikapitia Mkiwa. Shabani akaniapia kwamba siku ile kwenye kigoda hapakuwa na mtu. Lakini chumba kilichopo nyuma ya meza yake kilikuwa cha mpiga picha aliyeacha kazi baada ya mzee mmoja kufia mlangoni pake akimsubiri. Aliuza kila kitu. Kigoda kilibaki. Na kamera ya kijivu ilikuwa yake.

Jumamosi nilifika kwa Elizabeti. Tuliingia sebuleni wawili tu, yeye ana nyundo mkononi na msumari mdomoni, mimi nina picha. Nikaiinua ukutani kupima pa kuitundika. Macho yale yakanitazama tena, na ulimi wangu, kwa mazoea ya malezi, ukasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Msumari ulianguka kutoka mdomoni mwa Elizabeti. Tulitazamana. Alikuwa analia na anacheka, na mimi vilevile, na wala hatukuogopa, mpaka leo sijui kwa nini. Jumapili msalaba haukuwa na shimo. Waliimba mpaka jua likainama.

Mama Salome alinibakiza wenzangu walipoondolewa, na sasa mimi ndiye ninayewachagulia wapya kamera. Huwaambia: chukua ya bei yako, yenye betri zinazouzwa kila duka, na usidharau iliyochubuka. Ya kijivu bado ninayo. Picha ya kwanza iko kwenye kadi yake, sijaifuta, sitaifuta. Alizeti ya mama imesharudi ghalani, zaidi ya ilivyotoka. Na jioni ile niliyotoka Sepuka nilimpiga picha mama yangu kabla hata sijala. Aliomba aende kwanza kuvaa vizuri. Nilimsubiri.

Nawe sikiliza. Ukienda kununua kamera, ijaribie kwa mtu, na umuulize mwenye duka kama naye anamwona. Mzee akikuomba picha leo, usimwambie mwakani. Na ukimpa mzee shikamoo njiani akanyamaza, usikasirike wala usimpite. Simama. Mwulize anasubiri nini.