Mlango Uliotazama Madarasa

Maktaba yetu hapa Kyela waliijenga ndani ya uzio wa sekondari, mlango ukatazama madarasa. Jengo zuri, sibishi. Madirisha mapana, msingi umeinuliwa ili maji ya masika yasiingie. Mimi niliishia darasa la pili, nikajenga nyumba ya matofali kwa kokoa yangu, na siogopi geti la mtu. Mwenye hamu alikuwa mke wangu. Alijifunza kusoma uzeeni, kanisani, akataka vitabu vya hadithi.

Tulikwenda asubuhi, amevaa kitenge kipya. Mlinzi akatusimamisha.

“Shikamooni. Mjukuu wenu kafanya kosa gani tena?”

Wasichana waliokuwa wakifagia wakacheka. Kabla sijamjibu, mke wangu akanivuta shati.

“Tumepotea njia tu, mwanangu,” akamwambia.

Njiani nilimgombeza. “Unaogopa watoto?”

“Nenda wewe usiye na haya.”

Nilikwenda, nikamletea kitabu. Hakukifungua. Mlango ungetazama soko lililo nyuma ya uzio, angeingia na kapu lake la ndizi kama anaingia dukani, na nani angemuuliza? Sasa hata Biblia aliyokuwa akijisomea ananipa mimi nimsomee, nami nasoma kwa kukwamakwama.