Barua Iliyotiwa Tarehe

Profesa Lutfar Mridha hakuwa mtu wa kutisha hata kidogo. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kwa miaka thelathini na moja alifundisha historia katika chuo cha Shibtola huku mfuko wa shati lake ukiwa na doa la wino mwekundu. Lakini wanafunzi waliogopa jambo moja kuliko mtihani wenyewe, nalo ni kumpelekea karatasi isiyo na tarehe. Hakuisoma. Aliirudisha kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende mezani.

"Huyu yatima," alisema. "Katafute wazazi wake."

Na tarehe aliyoitaka yeye ilikuwa ya namna yake. Ilianza siku ya juma, ikafuata siku ya mwezi wa Kibengali, halafu mahali, na mwisho hali ya hewa. Jumatatu, tarehe tisa Poush, Shibtola, ukungu mpaka saa nne. Aliwaeleza kwamba makarani wa mashamba wa zamani waliandika kodi wasiandike mvua, ndiyo maana watu waliokufa kwa njaa wanaonekana vitabuni kama wavivu waliokataa kulipa. Basi ninyi andikeni mvua, akawaambia. Walicheka, wakaandika. Kufika mwaka wa pili mkono ulikuwa umeshazoea, na hata orodha ya kwenda sokoni ilitiwa tarehe hivyo hivyo. Morsheda aliwahi kumwandikia mama yake kuomba mafuta ya nywele, akajikuta ameanza na upepo.

Huyo Morsheda alikuja chuoni akiwa msichana wa kula chakula chake nyuma ya rafu za vitabu, apate kukwepa salamu. Profesa alimkuta huko siku moja, mdomo umejaa bisi za mchele. Hakumuuliza kitu. Alimpa kitabu cha kodi cha miaka mia mbili iliyopita, kimeliwa na mchwa, akamwomba akinakili kwa mkono kabla hakijaisha. Alikinakili miezi saba. Baadaye akawa msaidizi wake, na baadaye mhadhiri katika idara ile ile, ingawa mpaka leo anapoingia darasani huanza kuzungumza na ubao.

Mwaka ulikuwa na siku yake kubwa, siku ya kwanza ya mwezi wa Boishakh, ambayo ni mwaka mpya. Idara ya historia ndiyo iliyotangulia kwenye maandamano. Wiki nzima kabla yake ukumbi ulinuka gundi na rangi. Wanafunzi walitengeneza kwa karatasi bundi mkubwa kuliko mlango, simbamarara, farasi, na vinyago vya kuvaa usoni. Asubuhi walizunguka mji mzima kwa ngoma, wakarudi kula wali uliolazwa majini kwa pilipili mbichi na samaki wa kukaanga, na alasiri Profesa alipanda jukwaani kuimba visa vya kale kwa sauti yake iliyopasuka. Wanafunzi wa uhandisi walikuja kumcheka. Walikaa mpaka mwisho.

Aliyekuwa mkono wake wa kulia katika hayo yote ni Obaidul. Alikuwa mwaka mmoja nyuma ya Morsheda, naye sasa mhadhiri, kijana mchangamfu aliyejua kupata kila kitu, kuanzia mianzi hadi vipaza sauti. Mwaka ule wa mwisho tu ndipo alipopunguza uchangamfu. Kwenye kikao alisema kwamba maneno ni mengi mjini, kwamba wapo wanaosema bundi wa karatasi ni ibada ya sanamu, na kwamba pengine uimbaji upumzishwe. Profesa alimuuliza kama naye alikuwa anaabudu gundi, maana ilimjaa mpaka nyusi. Watu wakacheka. Obaidul alicheka nao, akatazama mikono yake.

Siku nne kabla ya mwaka mpya, Kalipada, mhudumu wa idara, alileta chai na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa mara nne, kinanuka kafuri. Hakuna Mwislamu asiyejua sanda. Barua ilikuwa fupi. Maandamano yaachwe, uimbaji uachwe, la sivyo kitambaa kilichobaki kitaletwa na mtu. Jina halikuwapo.

Profesa alisoma, akampa Morsheda. Morsheda alianzia juu, kama alivyofundishwa, na kabla hajafika kwenye kitisho chenyewe macho yake yalikuwa yameshasimama kwenye tarehe. Jumapili, tarehe ishirini na nne Choitro, Shibtola, joto kavu, hakuna upepo.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Jina ameweza kulificha. Tarehe imemshinda." Alicheka, kicheko cha kweli, cha mwalimu aliyekuta kazi yake imefanywa vizuri. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa shati, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Kalipada, ambaye hakujua kusoma, aliinusa ile kafuri akasema kwa sauti ya chini kwamba wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Mkuu wa kitivo alishauri sherehe iahirishwe. Polisi waliipokea barua, wakaahidi kulitazama jambo hilo. Bahati nzuri Morsheda alikuwa amemtuma Kalipada akatoe nakala dukani kwanza. Mwandiko ulikuwa wa kujikaza, herufi zimesimama moja moja, lakini mtu hawezi kubadilisha kila kitu, na Morsheda alikuwa ameishi na miandiko ya watu miaka tisa. Na katika chumba cha nyuma cha idara kulikuwa na kabati la karatasi za mitihani, zimefungwa mafungu mafungu kwa mwaka. Wanafunzi wote wa Profesa walikuwamo humo.

Kesho yake, watu walipokwenda kula, alilifungua. Alikuwa ameingia fungu la pili Profesa alipotokea mlangoni.

"Unafanya nini, mama?"

"Nalinganisha."

"Rudisha."

"Mwalimu, mtu huyu ni mmoja wetu. Yumo humu ndani. Siku mbili tu nitampata."

"Najua utampata. Ndiyo maana nakwambia rudisha." Akaketi juu ya kigoda cha Kalipada, na kwa mara ya kwanza Morsheda akamwona ni mzee. "Nikimjua, nitaingia darasani namtazama mmoja. Nisipomjua, nitawatazama wote kama jana. Karatasi hizi walinipa ili niwasomeshe. Hawakunipa niwatafutie kitanzi."

"Na akikuua?"

"Kelele za mlango hazimkeri mwenye nyumba. Niahidi."

Morsheda alitaka kusema hapana. Neno lenyewe alikuwa nalo ulimini. Lakini alikuwa mtu ambaye hajawahi kumbishia mtu yeyote jambo lolote, na huyu alikuwa Mwalimu. Akaahidi. Akafunga kabati, akampa ufunguo.

Siku ya mwaka mpya jua lilichomoza jekundu na joto likawahi. Profesa alitangulia mbele ya bundi, kanzu mpya, bega kwa bega na Obaidul aliyemshikia mwavuli. Morsheda alitembea nyuma yao hatua tatu. Miaka yote siku hiyo ilimfaa, kwa sababu kila mtu alivaa kinyago na hakuna aliyemtazama yeye. Mwaka huu kila kinyago kilikuwa na macho ndani yake. Aliacha kutazama nyuso akatazama mikono: aliyeshika ngoma, aliyeshika fimbo, aliyetia mkono ndani ya shati akautoa na leso. Simbamarara alimpita karibu mno, akamwambia kwa sauti ya msichana, "Heri ya mwaka mpya, dada," naye Morsheda akaruka kando.

Hakuna kilichotokea. Wakarudi, wakala. Alasiri Profesa aliimba mpaka tufani ya Aprili ikaja na vumbi lake, ikang'oa turubai, na watu wakakimbia huku wanacheka. Profesa alilowa chapachapa. Alimtania Morsheda kwamba sura yake ilimtisha bundi, na kwamba mwakani atamweka yeye mbele ya maandamano, adui wakimbie wenyewe. Morsheda alicheka. Usiku ule alilala vizuri, na jambo hilo hajajisamehe.

Siku ya kumi na mbili baada ya mwaka mpya, saa kumi na mbili asubuhi, Profesa alitoka kwenda kutembea kando ya bwawa kama kawaida yake. Kati ya geti la nyumba yake na bwawa ni hatua mia mbili. Muuza maziwa aliona pikipiki mbili zikikimbia, zimeacha mtu chini. Kalipada, aliyekuwa akifagia barabara ya idara, ndiye aliyefika kwanza, na alikaa pale chini amekishika kichwa cha Profesa mpaka watu walipokuja kumwondoa. Mbingu zilikuwa safi, na upepo wa kusini ulikuwa mwepesi. Morsheda aliyaandika hayo kwenye daftari lake kabla hajalia.

Polisi walikuja idarani mara tatu, wakanywa chai. Waliuliza kama marehemu alikuwa akiswali na kama aliandika lolote dhidi ya dini. Barua ya asili haikuonekana tena katika jalada. Wanafunzi walikaa barabarani siku tano wakidai haki, na Obaidul ndiye aliyeshika kipaza sauti, analia waziwazi, na wengine wakalia kwa kumwona yeye. Morsheda pia alilia. Hakuwa na sababu ya kutolia.

Miezi miwili ikapita. Ikaundwa kamati ya kumbukumbu, katibu wake Obaidul, na kamati ikaamua chumba cha nyuma kigeuzwe chumba cha Profesa: kiti chake, picha zake, bundi wa mwaka ule. Basi chumba kisafishwe. Karatasi za mitihani zilizopitisha muda apewe mnunuzi wa karatasi chakavu, azikate vifuko vya kufungia karanga kama ilivyo desturi. Gari lingekuja Alhamisi. Barua ya kamati ilibandikwa ubaoni Jumatatu, na Morsheda aliisoma mara mbili. Haikuwa na tarehe yoyote.

Mjane wa Profesa alimpa ufunguo bila kumuuliza wa nini.

Alianza Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho. Aliiweka nakala ya barua mezani, kando yake fungu la kwanza. Moyoni alimwambia Mwalimu kwamba ahadi alimpa mtu aliye hai. Alikuwa amemaliza mafungu manne, na nje adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, Obaidul alipoingia.

"Dada, bado uko? Kalipada kaniambia unajifungia humu." Akaiona ile nakala. Aliitazama kidogo tu, kama mtu anavyotazama jua. "Kumbe unayo."

"Ninayo."

"Wazo zuri," alisema. "Lakini peke yako utaumia macho. Tugawane."

Akakunja mikono ya shati, akaenda kabatini. Mafungu yalikuwa yamepangwa ovyo, lebo zimefunikwa vumbi kiasi kwamba Morsheda mwenyewe alilazimika kuipangusa kila moja apate kuona mwaka. Obaidul hakupangusa. Alipitisha mkono kati ya rafu ya tatu, akatoa fungu moja kutoka katikati, akaja nalo, akakaa upande wa pili wa meza na kuliweka mapajani.

"Mimi nitaanza na haya," alisema.

Morsheda aliitazama lebo kutoka pale alipokaa. Kidole cha Obaidul kilikuwa kimeacha njia ndani ya vumbi, na ndani ya njia ile mwaka ulisomeka. Ulikuwa mwaka wa darasa lake Obaidul.

Chumba kilikuwa na mlango mmoja, umeegeshwa.

"Hayo nipe mimi, Obaid."

"Kwa nini? Wewe una yako hapo."

"Wewe chukua ya mwaka wangu. Mimi nisome ya kwenu. Mtu hajikagui mwenyewe, Mwalimu hakutufundisha hivyo."

Obaidul alitabasamu, tabasamu la kuchoka. Alisema kwamba Mwalimu hakutaka karatasi hizi ziguswe, kwamba yeye Morsheda alijua hilo kuliko wote. "Mwache alale, dada. Alhamisi gari linakuja. Wewe una mama yako kule kijijini, una kazi. Unatafuta nini?"

Jambo la kabati Profesa hakulitangaza. Walilijua wawili, na mmoja wao alikuwa kaburini. Huenda Kalipada alisikia, huenda yule mzee alimwambia Obaidul mwenyewe, kwa kumwamini. Morsheda hakujua, na hakuuliza. Aliinuka. Akaenda mlangoni, akaufungua wote, akaita kwa sauti ambayo korido ile haikuwahi kuisikia kwake.

"Kaka Kalipada! Njoo, na kigoda chako."

Kalipada alikuja anaburuta kigoda. Alimtazama Morsheda, akamtazama Obaidul, akalitazama lile fungu mapajani.

"Mimi kusoma sijui, dada," alisema.

"Sihitaji usome. Kaa hapo mlangoni utazame. Kila karatasi itakayofunguliwa, tutaifungua sisi watatu."

Kalipada aliweka kigoda katikati ya kizingiti, akaketi, akaweka viganja juu ya magoti. Alikuwa mzee, lakini alikuwa mpana. Morsheda alirudi mezani, akanyoosha mkono.

"Lete, Obaid."

Obaidul hakuleta. Alibaki amelikumbatia fungu, anautazama mlango.