Nywele Chini ya Figa

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu juu ya Soni, paka mgeni alikuwa na taratibu zake za kupokewa. Bibi alimzungusha mara tatu kwenye mafiga ya jiko, akamkata nywele kidogo za mkiani kwa wembe, akainamisha figa moja na kuzifukia chini yake. Halafu akamwambia, kama anavyoambiwa mtu mzima, "Kwako ni hapa." Paka aliyefanyiwa hivyo haondoki. Hilo halikuwa jambo la kubishania. Tulifanya sisi Waislamu, na majirani zetu Walutheri wa ng'ambo ya bonde walifanya vilevile.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu, Mwanaidi. Anafanya kazi Arusha, na wiki iliyopita alinitumia kwenye simu picha ya paka wa Kiajemi, manyoya marefu mpaka miguu haionekani, uso bapa kama kanuna. "Mama, rafiki yangu anamtafutia pa kukaa. Mchukue, uko peke yako mno." Peke yangu mno! Nina kuku, nina majirani, nina bustani ya kabichi hapa Lushoto. Lakini picha ile nimeifungua mara ngapi, sisemi.

Maana paka wa namna hiyo niliwahi kuwa naye. Mama yangu alikuwa mpishi wa daktari mmoja Mzungu, na mzee yule aliporudi kwao alimwachia Mama paka wake wa kijivu. Mama akampandisha mlima ndani ya kikapu, amefunikwa kanga. Alipofunuliwa, watoto wa jirani walitimua mbio. Mmoja alisema ni kondoo, mwingine akasema ni jini. Bibi alimgeuza huku na huku. "Huyu hata mkia sijui unaanzia wapi," akasema, kisha akaenda kuchukua wembe wake.

Tulimwita Bwana Mkubwa. Kazi hakuwa nayo. Bibi alisema panya wakimpita wanamwamkia shikamoo. Manyoya yake yalizoa vishona nguo vyote vya njiani, basi kila jioni Mama aliketi kizingitini, akampakata na kumchana kwa kitana cha mbao. Akimaliza kwa paka ananiita mimi, ananichana kwa kitana kilekile. Kichwa changu kilinuka paka, nami nilifurahi tu. Sijapata kupendwa tena kwa utulivu kama ule.

Kisha Mama akaposwa na mtu wa Tanga. Mama alikuwa mjane, bado kijana, na mwanamume mwenyewe alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Ila mtoto wa mume wa kwanza alibaki kwa bibi yake. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeniuliza. Asubuhi ya safari, moto haujawashwa, Mama yuko nje anaagana na majirani, nilizitoa nywele zake kwenye kitana alichotoka kujichania, nikainamisha figa kwa nguvu zangu zote, nikazifukia palepale zilipokuwa za paka. Nikasema, "Kwako ni hapa." Nilikuwa na miaka minane na sikuwa na shaka hata chembe.

Basi likamchukua vivyo hivyo. Nikajipa moyo kwamba hata paka huchukua siku kadhaa kuzoea.

Sasa, Bibi alikuwa na onyo jingine, na alilirudia kila aliponinyoa. Nywele za mtu zisitupwe ovyo, zisifikiwe na moto wala kuokotwa na ndege, la sivyo mwenyewe ataumwa kichwa kisichopona. Niliwahi kumuuliza, mbona za paka ziko jikoni? Akasema paka hana shida, kichwa chake hakina mawazo. Onyo hilo nililijua kama jina langu, na asubuhi ile lilinitoka kabisa.

Lilinirudia baada ya miezi mitatu, mjomba alipokuja kusema Mama anaumwa kichwa huko Tanga na hospitali hawaoni kitu. Wiki iliyofuata akaletwa kwetu apumzike. Jamani, nilifurahi! Nasema ukweli kwa kuwa sasa ni mtu mzima na aibu imenipungua. Mama alishuka garini kakaza kanga kichwani, macho hayataki mwanga, na mimi moyoni nasema, imeshika, imeshika.

Siku ya kwanza nilimpelekea paka na kitana. "Baadaye, mwanangu," akasema. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Bibi aliteremka sokoni Soni na kapu lake la peasi, akaniachia uji niutazame. Nikamkuta Mama jikoni, kaegemeza paji la uso kwenye mtungi wa maji, analisogeza taratibu kutafuta upande wenye baridi zaidi. Hakuwa analia. Alikuwa anamwita Bibi kwa sauti ndogo, "Mama, mama," kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nilimshika mkono nikamlaza, kisha nikarudi jikoni. Nilijua nikizitoa nywele atapona, na akipona ataondoka. Nikakaa mbele ya mafiga mpaka uji ukaungua.

Nikaipua sufuria, nikasukuma kuni pembeni, nikalishika figa kwa mikono mitupu. Alama iko hapa, kwenye kidole gumba cha kulia. Chini yake nilikuta kibonge kimoja cheusi, nywele za Mama na za paka zimegandamana kwa joto na masizi. Nilijaribu kuzitenganisha, maana Bwana Mkubwa nilikuwa bado namtaka. Zilikataa. Nikazichukua zote nikazitupa mtoni.

Bibi aliporudi aliona figa limekaa upande. "Nani kagusa figa langu?" Nikaficha mkono. Akauvuta, akautazama, akaupaka shubiri. Halafu akauliza, "Umemfungua nani?"

"Paka."

"Paka peke yake?"

Nikaangua kilio. Hakunigombeza. Alinikalisha karibu yake akasema, "Basi, nyamaza. Akija tena, atakuwa amekuja mwenyewe."

Mama alipata nafuu wiki ileile, akarudi Tanga. Wiki ileile Bwana Mkubwa alitoka asubuhi na hatukumwona tena. Mama alikuja kila Idi mpaka alipofariki, na kila alipokuja alinichana, hata nilipokuwa nimeshaolewa.

Leo najua kwamba wakati ule alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na huenda maumivu yale yangeisha yenyewe. Najua pia paka mzuri huibiwa. Nayajua yote hayo, na bado Mwanaidi alipokuwa mdogo nywele zake nilizizika mbali na jiko, chini ya mti wa peasi. Alipohamia Arusha alisahau kitana chake chumbani, na nywele ndani yake. Nilisimama nacho mkononi muda mrefu. Siku hiyo nilishukuru kwamba napikia gesi.

Jana nikampigia. "Huyo paka namtaka."

Alifurahi. "Basi nitamtuma kwa basi, Mama, kesho kutwa unaye."

"Wee! Paka wa manyoya marefu hatumwi kwa basi, atakufa njiani. Mlete mwenyewe."

"Kweli, Mama?"

"Kweli kabisa."

Ukweli sijui lolote kuhusu paka kusafiri kwa basi. Akasema ataomba likizo, hawezi kuahidi siku. Nikamwambia hakuna haraka, kisha nikashuka dukani nikanunua kitana cha mbao, chenye meno mapana, kinachofaa paka na kinachofaa mtu.